Watatu Waliojua Kukausha Embe

Pakiti ilifika kwenye kiwanda cha embe kavu cha Kathonzweni siku ya Jumanne, ndani ya bahasha nene kutoka kwa wanunuzi wao wa Rotterdam. Wavinya aliipasua, akamwaga vipande vichache kwenye sahani, akakaa akivitazama kabla ya kuvigusa. Vilikuwa vya manjano, manjano ya embe lililokatwa sasa hivi. Nyuma ya pakiti paliandikwa kwamba embe hilo halikutiwa salfa wala sukari. Jina la kampuni lilikuwa geni kwake. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, palikuwa na maneno mawili yaliyomfanya akae wima: kutoka Kenya.

Aliweka kipande mdomoni. Rangi ilikuwa yake. Harufu ilikuwa yake. Lakini kipande chenyewe kilikuwa kigumu, kilivutika kama ngozi, na yeye hangekubali kitoke nje ya lango lake.

"Kuna mtu amechukua njia yetu," alimwambia Ndolo, mshirika wake. "Hajaichukua yote, lakini amechukua."

Ndolo alitafuna kipande kimoja taratibu, akafuta vidole kwa leso. "Si mtu wa nje huyo," alisema. "Ni mtu wa hapa ndani."

Walikuwa wamekianzisha kiwanda pamoja miaka tisa iliyopita, katika jengo lililokuwa ghala la mahindi. Walijuana tangu chuo kikuu, Wavinya akisomea sayansi ya chakula, Ndolo akisomea biashara. Kazi ilijigawa yenyewe: Wavinya alikaa na embe, Ndolo akakaa na watu. Ndolo ndiye aliyepanda ndege na sanduku la sampuli kwenda kwenye maonyesho ya vyakula Ulaya, akarudi na majina ya wanunuzi. Alikuwa pia mzee wa kanisa lao. Baba yake Wavinya alipofariki, Ndolo ndiye aliyesimama kuzungumza kwa niaba ya familia, na watoto wa Wavinya walimwita Uncle.

Embe kavu ni biashara ya dunia nzima, na Kathonzweni iliingia ikiwa imechelewa. Thailand walikuwa na mashine kubwa. India walikuwa na mashamba yasiyo na mwisho. Burkina Faso walikuwa karibu zaidi na Ulaya na walikuwa wamezoeana na wanunuzi kwa miaka mingi. "Kwa bei hatumwezi mtu," Ndolo alisema siku zile za mwanzo. "Lazima tuwe na kitu ambacho wao hawana, na tukikipata, tukishike."

Kitu hicho Wavinya alikitafuta misimu minne. Embe lisilo na salfa hugeuka kahawia na kukakamaa kabla halijafika dukani, kwa hiyo wengi hutia salfa, na wachache wasiotia huuza embe la kahawia kwa watu wasiojali rangi. La Wavinya lilibaki la manjano na laini mwaka mzima. Kulikuwa na maji ya ndimu na kipimo chake. Kulikuwa na moto wa draya, ile mashine ya kukaushia, ambao ulianza juu kisha ukashushwa kwa hatua. Hayo aliyaandika kwenye faili moja. Lakini kulikuwa na jambo jingine ambalo halikuandikika, nalo lilikuwa la Kathini.

Kathini alikuwa mjane wa miaka hamsini na kitu, mzaliwa wa Ikutha upande wa Kitui, aliyeolewa Kathonzweni. Ndiye mfanyakazi wa kwanza waliyemwajiri. Alisimama kwenye meza ya kuchambua, akashika embe, akalibonyeza karibu na kikonyo kwa kidole gumba, kisha akalitupa kwenye moja ya makreti matatu: la leo, la kesho, la keshokutwa. Embe likikatwa siku yake hasa, lilikauka laini. Likikatwa siku moja kabla au baada, lilitoka gumu, hata moto uwe sawa namna gani. Wavinya alinunua kifaa cha kupima sukari, akakilinganisha na kidole cha Kathini kwa msimu mzima. Kidole kilishinda.

"Unajuaje, Mama Mueni?" alimuuliza mara nyingi, akimwita kwa jina la binti yake.

"Linaniambia tu," Kathini alijibu, na hakuwa anatania. Hakuwa na maneno mengine.

Wafanyakazi arobaini walijua kila mmoja sehemu yake, wa kuosha akijua kuosha, wa kukata akijua kukata. Waliojua safari nzima ya embe, kutoka kreti mpaka pakiti, walikuwa watatu: Wavinya, Ndolo na Kathini.

"Mimi siwezi kujiibia," Ndolo alisema jioni ile ya pakiti. "Na wewe huwezi."

Wavinya alimwambia asiseme hivyo. Lakini neno lilikuwa limeshaingia.

Wiki iliyofuata, kwa ushauri wa Ndolo, walinzi walianza kupekua mifuko langoni. Wanawake walipanga foleni baada ya kazi na kufungua mifuko yao kwenye benchi. Wavinya alisimama kando siku ya kwanza, ili isionekane anajificha. Mfuko wa Kathini ulikuwa na Biblia, leso, na mkebe wa muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, uliobaki na punje chache. Mlinzi aliufungua mkebe na kuunusa. Kathini alingoja mpaka alipomaliza, akachukua vitu vyake kimoja kimoja, akaondoka bila kuaga. Tangu kiwanda kianze hakuwahi kuondoka bila kuaga.

Kisha Ndolo akaleta habari. Kathini alikuwa ameonekana mjini Mtito Andei mara mbili siku zake za mapumziko, akizungumza na watu wasiojulikana. Walimwita ofisini.

"Mama Mueni," Wavinya alianza, "mwezi huu ulienda Mtito Andei?"

"Nilienda."

"Kufanya nini?"

Kathini alimwangalia Ndolo. Ndolo alikuwa anasoma karatasi zilizokuwa mbele yake.

"Madam," Kathini alisema, "ni wewe unaniuliza, ama mnaniuliza wote wawili?"

Wavinya alilisikia swali hilo kama ujanja. "Ni mimi. Ulienda kuonana na nani?"

"Mueni wangu anapika kwa hoteli huko."

"Na nani mwingine?"

Kathini akamwangalia Ndolo tena, mara hii kwa muda mrefu. Halafu akamrudia Wavinya, na usoni mwake palikuwa na kitu ambacho Wavinya alikiita woga. "Kama wewe hujui, basi mimi sijui niseme nini," alisema.

"Kwa hivyo kuna kitu cha kusema. Nani mwingine, Mama Mueni?"

Wavinya alimsubiri, na kadiri alivyosubiri ndivyo hasira ilivyompanda, kwa sababu alikuwa amempenda huyu kuliko wote. Akamwambia achukue vitu vyake. Kathini alivua aproni, akaikunja mara nne, akaiweka juu ya meza. Alipopita kwenye chumba cha kuchambua, wasichana aliowafundisha waliacha kazi na kumtazama mpaka alipotoka.

Mwezi mmoja haukuisha kabla kiwanda hakijaanza kuyumba. Wasichana walijaribu kubonyeza kama walivyomwona akibonyeza. Walirudi kwenye kifaa cha kupima sukari. Trei nyingine zilitoka nzuri na nyingine zilitoka ngumu, na hakuna aliyeweza kusema kwa nini. Rotterdam waliandika barua fupi: mzigo wa mwisho haukuwa na tofauti na ule wa kampuni nyingine, na kama bidhaa ni moja, wangependa kuzungumza upya kuhusu bei. Wavinya aliisoma mara mbili. Kitu walichokuwa nacho wao peke yao hakikuwapo tena, na aliamini anajua ni nani aliyekiuza.

Gabow ndiye aliyemfungua macho, bila kukusudia. Alikuwa mwenye malori, mtu wa Garissa aliyehamia Mtito Andei zamani, na kwa miaka sita alikuwa akibeba katoni zao hadi bandari ya Mombasa. Alikuja asubuhi moja kuchukua hati za mzigo. Alipokuwa akisaini, aliuliza, "Madam, zile trei zingine za kule kwenu kupya, nilete lini?"

"Kupya wapi?"

Gabow aliinua kalamu. Alimtazama, na akaelewa kwamba ameongea zaidi ya alivyotakiwa. "Pole," alisema. "Mimi nilijua ni yenu."

"Bwana Gabow, tumefanya kazi miaka mingi. Niambie."

"Mimi sijui mambo yenu ya ndani. Nilipakia trei mia mbili Nairobi, kama hizi zako, mashimo haya haya. Nikashusha Mtito Andei, nyuma ya kituo cha petroli, kuna jengo jipya la mabati ya kijani. Aliyesaini ni Ndolo." Alifunga kalamu na kuirudisha mfukoni. "Mara mbili amesaini yeye."

Wavinya hakumpigia Ndolo simu. Aliwasha pikapu, akapita mji wa Wote, akashuka hadi barabara ya Mombasa, na njia nzima alikuwa akimtafutia Ndolo maelezo. Labda ni ghala tu. Labda alitaka kumshangaza. Alipofika Mtito Andei, kati ya malori yaliyoegeshwa na vibanda vya chai, alikuwa amebakiwa na maelezo mawili. Alipoliona jengo, hakubaki na hata moja. Harufu ya embe linalokauka ilikuwa imefika mpaka barabarani.

Alimwambia mlinzi kwamba ametumwa na Ndolo, akaruhusiwa. Ukutani, karibu na mlango wa draya, palikuwa na bango la maelekezo ya kazi. Alilisoma kutoka juu hadi chini. Kipimo cha ndimu kilikuwa chake. Hatua za moto zilikuwa zake. Hata maneno yalikuwa yake: "Shusha moto kabla embe halijaanza kulia." Hivyo ndivyo alivyoita vile vitone vya utomvu mtamu vinavyojitokeza juu ya kipande moto ukizidi, na hakuna mtu mwingine duniani aliyeviita hivyo.

Upande wa pili wa dirisha la kioo, kwenye meza ndefu, Kathini alikuwa amesimama katikati ya wanawake kumi hivi. Alibonyeza embe, akalipitisha kwa mwanamke aliyekuwa kushoto kwake, akamshika kidole na kukiweka mahali panapostahili. Alipoinua kichwa alimwona Wavinya. Walitazamana. Kisha Kathini akachukua embe jingine.

"Ungenipigia ningekutembeza," Ndolo alisema nyuma yake.

Alikuwa amevaa koti jeupe lenye jina lile lililokuwa kwenye pakiti. Alimwongoza hadi ofisi ndogo, akamvutia kiti. Wavinya hakuketi.

"Hii ni ya nani?"

"Ni ya watu wa Rotterdam na wenzao. Mimi ni mkurugenzi, na nina hisa kidogo." Alizungumza kwa upole, kama alivyozungumza na wafiwa. "Wavinya, wale watu walitaka kontena ishirini kwa mwaka. Sisi tulikuwa tunatoa sita. Nilikuambia tuingize mwekezaji, ukakataa. Nikakuambia tena, ukakataa. Mara ya tatu uliniambia nisilitaje tena jambo hilo. Ulitaka tubaki wadogo ili siri ibaki."

"Hiyo siri ndiyo iliyokulisha."

"Ilinilisha, ndiyo. Lakini haingekaa. Kampuni kubwa ikikosa kitu, inakitafuta mpaka ikipate. Wangeipata mwaka huu ama mwaka ujao, kwangu ama kwa mtu mwingine. Mimi nilichagua kuwa upande wa wanaonunua."

"Na hukuweza kuniambia."

"Ungekataa mara ya nne."

Wavinya aliangalia mlango ambao Kathini alikuwa nyuma yake. "Na Mama Mueni? Yeye ulimpata lini?"

Kwa mara ya kwanza Ndolo alisita. "Karatasi peke yake haikutosha. Trei zetu za kwanza zilikuwa ngumu, uliionja ile pakiti. Nilimleta hapa mara mbili aone. Nikamwambia ni tawi letu, lako na langu, na tunaliweka siri kwa sasa. Alisema hakuna shida, atakuja, lakini Madam amwambie kwa mdomo wake."

Ilimchukua Wavinya muda kuyaunganisha mambo. Mtito Andei mara mbili. Yale macho yaliyomwendea Ndolo ofisini. Swali lile, ni wewe unaniuliza, ama mnaniuliza wote wawili.

"Ulikuwa umeketi pale," alisema. "Alikuwa anakuangalia, anangoja useme. Ukanyamaza ili nimfukuze."

"Mimi sikumfukuza, Wavinya," Ndolo alisema. "Ulimfukuza wewe. Siku iliyofuata alikuwa hana kazi, na mimi nilikuwa nayo."

Wavinya alitoka nje. Kwenye pikapu alijaribu kulia, ikashindikana.

Wakili aliyemwona mjini Wote alikuwa mtu mwema na hakumpotezea wakati. Hati ya ushirika ilisema kila kilichobuniwa kiwandani ni cha wote wawili. Haikumzuia yeyote kukitumia kwingine. Hakuna aliyefikiria kuandika hivyo, kwa sababu walipoitia saini walikuwa marafiki. Angeweza kushtaki, wakili alisema, na kesi ingeishi muda mrefu kuliko kiwanda. Jumapili ile Ndolo aliketi mbele kanisani kama kawaida, na mchungaji akamwomba aombee sadaka. Wavinya alisimama na wengine, akafumba macho na wengine, na hakusikia neno. Jumapili iliyofuata alibaki nyumbani.

Jumamosi moja, alipojua Kathini yuko mapumziko, alipita Kibwezi, akavuka mto Athi, akaenda Ikutha. Alimkuta kwa kaka yake, ameketi juu ya gunia akipura ndengu kwa kijiti. Kathini alimletea kiti na kikombe cha chai, kwa sababu mgeni ni mgeni, kisha akarudi kwenye ndengu zake.

"Nimekuja kuomba msamaha," Wavinya alisema.

"Nimesikia."

"Ndolo ameniambia alichokuambia. Sikujua. Nakuapia, sikujua hata kidogo."

"Nilikuja kuelewa hivyo baadaye. Nilipofika huko na sikukuona siku ya kwanza, wala ya pili."

"Siku ile ofisini ungelitaja tu jina lake."

Kathini aliacha kupura. "Ningelitaja vipi? Mkubwa wangu, mzee wa kanisa, ameketi hapo. Alinikanya nisiseme mbele ya mtu. Nikafikiri mnanipima nyinyi wawili, kama naweza kunyamaza. Nikanyamaza. Halafu nikaona unaniangalia vile, nikaanza kushuku, labda huyu hajui. Lakini ulikuwa umeshakata shauri." Alipangusa maganda mapajani. "Miaka tisa, Wavinya. Nikikuambia embe hili ni la leo, ulikuwa unawasha moto. Hukuwahi kuniuliza mara ya pili. Mtu mwingine alikuambia neno moja tu juu yangu, ukamnusisha mlinzi mkebe wangu."

Hakuwa amemwita Madam. Wavinya alishika kikombe kwa mikono miwili.

"Rudi," alisema. "Nitakupa sehemu ya kiwanda. Iandikwe kwa jina lako. Nilipaswa kufanya hivyo zamani."

"Ulipaswa, ndiyo."

"Yule mtu alikudanganya, Mama Mueni. Unamfanyia kazi mtu aliyekudanganya."

"Najua ni mwongo," Kathini alisema. "Namfanyia kazi nikijua. Wewe ndiye nilikuwa sikujui." Hakulisema kwa ukali. "Huko wananiita mwalimu. Wamenipa wanawake kumi na wawili niwafundishe, na wawili wameanza kushika. Sitarudi."

Wavinya alikunywa chai mpaka ikaisha. Kaka yake Kathini alipita na ng'ombe wawili, akawasalimu, akaendelea. Kathini alimsindikiza Wavinya hadi kwenye pikapu, akamwambia aende polepole kwenye daraja, na akarudi kabla injini haijawaka.

Kufikia Machi, Rotterdam walikuwa wamehamisha oda yote. Wavinya aliwapunguza wafanyakazi kutoka arobaini hadi kumi na wanne, akabaki na hoteli mbili za Nairobi na maduka machache ambayo hayakuuliza sana kuhusu ulaini. Watu walimwambia alikuwa na bahati hakufunga kabisa. Wengine waliokuwa wakimpigia simu kila wiki waliacha. Wakulima waliomuuzia tangu mwanzo walianza kuonekana wakipakia malori ya Mtito Andei, na walipokutana naye sokoni walimuulizia watoto, wakaulizia mvua, wakapita.

Desemba, msimu mpya ulipoanza, mkulima wa Kasikeu anayeitwa Kilonzo alimpigia simu.

"Mwaka huu embe zangu nimewapa wale wengine," alisema. "Wanachukua zote, hata ndogo. Lori linakuja kesho. Nimeona usisikie kwa watu, usikie kwangu."

Wavinya alikuwa amesimama uani. Katika mwaka mzima, huyu ndiye mtu wa kwanza kumwacha na kumwambia yeye mwenyewe.

"Asante, Mzee Kilonzo," alisema. "Kuna chochote kimebaki?"

Mzee alifikiri. "Kuna ile miti ya kule chini, karibu na mto. Imechelewa kukomaa, hao hawaitaki. Labda kreti thelathini."

"Naweza kuja leo?"

"Njoo. Lakini uje na watu wa kuchuma, wangu wamechoka."

Aliwaita wanawake wanne, wakapanga makreti matupu nyuma ya pikapu, wakafunga kamba. Walifika Kasikeu saa tano asubuhi. Kilonzo alikuwa anawangoja kando ya barabara akiwa na panga mkononi, akatangulia kwa miguu kuwaonyesha njia ya kushuka mtoni.